Kwa nini vampaya wa Wazungu amegeuka mpenzi wa watu, lakini mumiani wetu hajapata hata shabiki mmoja?

#1 Tundu la Ufunguo

Wakuu, kwema? Mada iko hivi.

Vampaya wa Ulaya, yule mfu anayerudi kunyonya damu, hakuanza akiwa bwana mwenye joho na ngome. Alianza akiwa maiti ya mwanakijiji. Mwaka 1725 huko Kisiljevo, Serbia, sehemu ambayo wakati huo ilikuwa chini ya utawala wa Vienna, alifariki mtu aitwaye Petar Blagojević. Haikupita muda wakafa wengine tisa, na kabla ya kukata roho walisema marehemu huyo kawajia usiku akawakaba. Wanakijiji wakamlazimisha ofisa wa serikali aje ashuhudie, kaburi likafukuliwa. Mwili haukuwa umeoza, kucha na ndevu zimerefuka, mdomoni kuna damu mbichi. Wakachonga kigingi, wakamkita kifuani, kisha wakamchoma moto. Ofisa akaandika ripoti, ripoti ikatoka gazetini Vienna, na Ulaya ikapata habari ya mjini.

Leo mtu yule yule ni kijana mtanashati, ana gari la bei mbaya, na mabinti wanalia awang'ate shingo.

Sisi tuna mumiani, tuna wazimamoto, tuna chinjachinja. Wote hao kazi yao ni damu, wanasemwa hukamata watu ili kuwatoa damu. Sijawahi kusikia msichana wa Tandika au Kisauni anayeota kuolewa na mumiani. Kwa nini?

Msimamo wangu: humpendi unayemwogopa kwa dhati. Wazungu walishaacha kumwogopa wa kwao, ndiyo maana wakamvalisha suti. Sisi wa kwetu tunamwogopa mpaka kesho. Karibuni mnipinge.

#2 Kapuku Mstaafu

Nimeweka kambi hapa. Chai na vitumbua viletwe.

#3 Dada wa Saluni

Mleta mada unasema hakuna anayeota kuolewa na mumiani? Akija na ajira ya kudumu na nyumba ya kazi, mahari inapokelewa asubuhi hiyo hiyo.

#4 Mzee wa Nyaraka

Mkuu Tundu, mada tamu lakini mfuatano wako wa matukio haukai.

Unadai hofu iliisha kwanza, mapenzi yakafuata. Angalia miaka. Huyo vampaya bwana mkubwa, mpole wa maneno na mwenye kuvutia wanawake, alizaliwa kwenye hadithi ya John Polidori iliyochapishwa 1819. Polidori alikuwa daktari wa mshairi Lord Byron. Kiangazi cha 1816 walikuwa pamoja kando ya ziwa Geneva. Hali ya hewa ilikuwa mbovu, maana mlima Tambora wa kule Indonesia ulilipuka mwaka uliotangulia na majivu yake yakaharibu misimu hata Ulaya. Wakafungiwa ndani na mvua, wakashindana kutunga hadithi za kutisha. Frankenstein wa Mary Shelley alianzia kwenye kikao hicho hicho. Polidori akamchukua maiti wa kijijini, akampa cheo na tabia za bosi wake.

Sasa nenda Marekani, jimbo la Rhode Island, mji wa Exeter, mwaka 1892. Huyo bwana mtanashati ana miaka zaidi ya sabini vitabuni. Familia ya Brown inamalizwa na kifua kikuu. Mama kafa, binti mkubwa kafa, Januari kafa Mercy akiwa na miaka 19, na kaka yake Edwin yuko hoi. Majirani wakashauri makaburi yafunguliwe. Mwili wa Mercy ukakutwa haujaoza, moyoni mna damu. Wakautoa moyo, wakauchoma juu ya jiwe, majivu wakayachanganya na maji, wakampa Edwin anywe. Edwin akafa Mei.

Kwa hiyo watu wa zama zile zile walikuwa wanamtamani vampaya vitabuni huku wengine wanamfukua makaburini. Hofu na mapenzi vilikaa nyumba moja.

#5 Tundu la Ufunguo

Mzee, waliosoma Polidori na waliofukua Exeter si watu wale wale. Wenye vitabu walikuwa mjini wamekaa karibu na moto, wenye makaburi walikuwa mashambani wanazika watoto. Hiyo inanisaidia mimi, siyo wewe.

#6 NesiWaZamu

Habari zenu. Mimi niliwahi kupangiwa mochwari kwa kipindi, nadhani naweza kuwasaidia kuhusu huyo Petar.

Mwili ukikaa bila ubaridi, gesi inajaa tumboni, na aliyekufa amekonda anaonekana kanenepa. Gesi hiyo hiyo inasukuma majimaji kutoka mapafuni, yanatokea puani na mdomoni. Rangi yake ni nyekundu iliyoiva, karibu na nyeusi. Usipojua utaapa ni damu aliyokunywa jana usiku. Ngozi ya vidole na ya kidevu inasinyaa kurudi nyuma, kucha na ndevu zinaonekana zimerefuka ingawa hazijaongezeka hata kidogo. Ngozi ya juu inabambuka kama ganda, chini yake kuna tabaka laini linalong'aa. Nimesikia kwamba kwenye ripoti zile waliandika ngozi ya zamani imetoka na mpya imeota. Waliona sawasawa kabisa, macho yao hayakuwadanganya.

Na sauti. Ukimgeuza marehemu, hewa iliyobaki kifuani inapita kooni, anaguna. Mara ya kwanza kuisikia nilikuwa na mwenzangu mwenye uzoefu, tunamvalisha mzee mmoja shati la kuzikiwa. Mkono ulikuwa umeshaingia, bado vifungo. Tulipomlaza ubavu akatoa "mhhh" ndefu. Mimi nilijikuta nje karibu na geti, na kifungo mkononi. Sasa fikiria umemkita mtu kigingi kifuani akaguna hivyo, na wewe ulikuja tayari umeambiwa ni vampaya.

Kule Rhode Island jibu ni rahisi zaidi. Amekufa Januari, wamemfungulia Machi, baridi ya kule ni friji tosha.

#7 Kapuku Mstaafu

Nesi umenikatisha vitumbua.

#8 Mchoma Mahindi

Kwani si ilishathibitishwa kwamba vampaya ni wagonjwa wa porifiria? Wanaungua na jua, meno yanaonekana marefu, wanahitaji damu. Nilisoma mahali.

#9 NesiWaZamu

@Mchoma Mahindi hiyo nadharia ilivuma miaka ya 1980 na wagonjwa wa watu wameteseka nayo bure. Mgonjwa wa porifiria hana hamu ya kunywa damu, na akiinywa haimsaidii, inasagwa tumboni tu. Kifua kikuu kina hoja zaidi: mtu anapungua, midomo mekundu, anakohoa damu, na nyumba nzima inafuata mmoja mmoja. Kuna pia daktari wa Hispania aliyeandika mwaka 1998 akitetea kichaa cha mbwa: mgonjwa hapati usingizi, anang'ata, hawezi kuvumilia harufu kali wala kujiona kwenye kioo. Hungaria iliwahi kuwa na mlipuko wake miaka hiyo ya 1720.

#10 Mzee wa Nyaraka

Na mumsikilize nesi, maana porifiria inaeleza kitu ambacho masimulizi ya zamani hayakuwa nacho. Vampaya wa kijijini hakuungua na jua. Hata Dracula wa Bram Stoker, kitabu cha 1897, anatembea London mchana kweupe, nguvu zake tu ndizo zinapungua. Kufa kwa mwanga wa jua kumeletwa na filamu ya kimya ya Kijerumani ya mwaka 1922, Nosferatu. Waliitoa kwenye hadithi ya Dracula bila kumlipa mjane wa Stoker, mama akawashtaki, mahakama ikaamuru nakala ziharibiwe. Nakala kadhaa zikaponyoka, na jua lake likaponyoka nazo. Leo mtoto wa darasa la pili anakwambia vampaya anakufa kwa jua, na ataapa ni imani ya mababu.

#11 Mwana wa Pumwani

Wadau, salamu kutoka Nairobi.

Mimi nyanya yangu alikaa Pumwani tangu wakati wa mkoloni. Hakuwahi kusema "vampaya", yeye alikuwa anasema wazimamoto. Gari lao linapita usiku bila taa, halina madirisha, ukishikwa unapelekwa unatolewa damu, damu inaenda kutengeneza dawa ya Wazungu. Kwa hao wazee hii haikuwa hadithi ya kulaza watoto. Watu walikuwa wanabadilisha njia ya kutoka kazini.

Kitu kimoja nyanya alikuwa anakisema kwa sauti ya chini: majirani walishuku akina mama fulani wenye nyumba zao, ati mwanamume akilala huko, anauzwa kwa wazimamoto. Nilipokua nikaona ujanja wake. Mwanamke ana nyumba yake mjini, hana bwana, hakopi kwa mtu, kwa hivyo lazima kuna damu mahali. Pesa ambayo watu hawaelewi imetoka wapi, wanaipatia mwanzo wa kutisha.

#12 Dada wa Saluni

Hilo la mwisho halijaisha. Nilipofungua saluni ya pili waliniambia nina jini.

#13 Mpemba Halisi

Assalaam aleikum. Naona mpaka sasa hamjamtaja popobawa, na najua mtu atakuja kumchanganya na vampaya kwa sababu ya mabawa.

Popobawa hanywi damu. Alipoingia Pemba mwaka 1995, akavuka Unguja, watu walitoka ndani wakalala nje makundi makundi, wamekoka moto. Yeye huwakandamiza watu usiku na kuwaingilia, wake kwa waume, na sharti lake usimulie. Anayenyamaza hurudiwa. Unguja wakamuua mtu mgonjwa wa akili wakidhani ndiye. Ilikuwa miezi michache kabla ya uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi, na kila chama kilikuwa na maelezo yake juu ya nani kamleta. Sisi wazee wetu walikuwa wanamjua tangu miaka ya sitini, baada ya Mapinduzi.

Kwa hiyo mleta mada, kama hoja yako ni hofu ya kweli, popobawa ndiye bingwa.

#14 Mkwezi

Ila popo wanyonya damu si wapo kweli? Kwetu Muheza wapo kwenye miembe kibao.

#15 Mzee wa Nyaraka

@Mkwezi wa kwenu wanakula maembe, waache wale kwa amani. Popo wanaoishi kwa damu wako aina tatu tu duniani, na wote wako Amerika, kuanzia Mexico kushuka kusini. Afrika hakuna, Ulaya hakuna. Wahispania walipofika huko ndipo wakakutana nao, na baadaye jina la vampaya la Ulaya likabandikwa kwa popo hao. Kwa hiyo mjomba wa Serbia hakuwa na popo hata mmoja kwenye hadithi yake. Mate ya popo yule yana kitu kinachozuia damu kuganda, na wanasayansi wamekiita drakulini. Hao nao wana utani wao.

#16 Dereva wa Fuso

Naona watu mnaongea kwa raha kama jambo limepita. 2017 nilikuwa na mzigo wa kushusha Blantyre, Malawi. Ilikuwa mwezi wa kumi. Pale mpakani tu Kasumulu tukaambiwa na wenyeji: ukifika kusini usisimame kijijini usiku, usilale barabarani, na kama una glovu za mpira ndani ya gari, ficha. Kisa ni wanyonya damu. Wilaya za Mulanje na Phalombe zilikuwa moto, watu wameshauawa na makundi kwa kushukiwa tu, serikali imeweka amri ya kutotembea usiku, na Umoja wa Mataifa ukawaondoa wafanyakazi wake huko.

Nilikuwa na utingo wangu, kijana mkorofi kweli, lakini usiku ule alilala chini ya turubai juu ya mifuko ya saruji akiwa na spana mkononi. Tulipopita sehemu moja kuna magogo barabarani na vijana wenye mapanga. Wakamulika ndani ya kebini, wakakuta kichupa cha dawa ya kikohozi na bomba la sindano nililokuwa natumia kuvutia mafuta ya breki. Wakuu, lile bomba la sindano nililieleza kwa Kiswahili, kwa Kiingereza na kwa lugha ya mikono. Kilichotuokoa ni mzee mmoja aliyekuwa fundi, akalinusa, akacheka, akasema ni mafuta.

Mtu aniambie tena eti mumiani ni burudani.

#17 Kapuku Mstaafu

Dereva, utingo bado yupo kazini?

#18 Dereva wa Fuso

Anauza chipsi Tunduma. Hataki tena kusikia safari ya nje.

#19 Mwalimu wa Kata

Nimesoma bandiko la Dereva mara mbili. Bomba la sindano, glovu, gari. Nadhani ndipo jibu la mleta mada lilipo, na siyo kwenye hofu.

Vampaya wa Ulaya ni mtu. Ana jina, ana ukoo, ana nyumba, ana huzuni yake. Mtunzi anaweza kumkalisha akamhoji. Mumiani hana jina. Mumiani ni kazi. Mwanahistoria wa Kimarekani Luise White, kitabu chake kilitoka mwaka 2000, alikusanya masimulizi ya wazee Kenya na Uganda na kupekua nyaraka za wakoloni. Ukiyasoma masimulizi hayo unashangaa wazee wanachokazia: nani aliajiriwa, alipewa sare gani, analipwa kiasi gani, alikatazwa kumwambia mkewe anafanya kazi gani, vifaa vyao vilikuwaje. Ni maelezo ya ofisi. Yalishika kasi miaka ya 1920 na kuendelea, wakati ambapo watu walikuwa wanachukuliwa damu kwa vipimo vya malale na magonjwa mengine bila maelezo ya maana, magari yanaingia sehemu ambazo hayajawahi kuonekana, na kuna Waafrika wenzao wanaolipwa kwa kazi ambazo jirani haelewi.

Mwaka 1959 hapa Dar, Buguruni, watu waliwashambulia polisi wakidhani ni mumiani. Polisi, angalieni. Siyo mzee wa ajabu anayeishi peke yake pembeni ya kijiji. Ukitaka kumpenda mumiani utampenda nani, idara?

#20 Dada wa Saluni

Wapo wanaoipenda idara, Mwalimu. Nenda kaone foleni ya usaili.

#21 Mtu wa Lubumbashi

Jambo yenu bote. Naandika Kiswahili cha vitabuni ili tuelewane, msinicheke.

Kwetu Katanga wazee wanawaita mitumbula, na wengine waliwaita simba wa Bulaya, yaani wa Ulaya. Wanakamata watu usiku. Lakini kwetu damu si jambo kubwa. Waliokamatwa wanafungiwa, wananeneshwa, wanageuzwa nguruwe, kisha Wazungu wanawala. Watu waliozungumza hivyo walikuwa wanatoka vijijini kuja kwenye migodi ya shaba, wanakaa kambi za kampuni, wanapimwa uzito, wanapewa posho ya unga kwa kipimo. Ukimlisha mtu kwa kipimo na kumweka kwenye mzani, atajiuliza unamtayarisha kwa nini.

Namuunga mkono Mwalimu kidogo, lakini mitumbula nao wana hamu. Wanakula. Siyo kazi tu.

#22 Mzee Azimio

Vijana mmeruka kitu ambacho mimi nilikiimba shuleni. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967, nchi hii ilikuwa na wanyonya damu kila ukurasa wa gazeti. Wanyonyaji. Kupe. Mirija. "Tukate mirija" ilikuwa lugha ya mikutano ya hadhara. Kabaila alichorwa na kitambi na mrija mrefu umeingia mgongoni mwa mkulima. Mtoto aliyekuwa ameshasimuliwa mumiani na bibi yake hakuhitaji kufafanuliwa.

Kwa hiyo si kweli kwamba mumiani hakupata sanaa yake. Aliipata, ila sanaa yake ilikuwa siasa. Wao wakamfanya mchumba, sisi tukamfanya bepari. Na msisahau kwamba hata Karl Marx aliandika kwamba mtaji unaishi kwa kunyonya kazi hai namna ya vampaya. Stoker alikuja miaka thelathini baadaye.

#23 Tundu la Ufunguo

Mzee Azimio shikamoo. Hilo ni zito na nalikubali kama nyongeza, ila halinijibu. Kabaila mwenye mrija alichekwa na kuchukiwa. Hakupendwa.

#24 Mzee Azimio

Marahaba. Hakupendwa? Nenda kaangalie siku hizi nani anapigiwa makofi harusini.

#25 Mama Wawili

Naona wanaume mnaeleza kwa nini mabinti wanapenda vampaya bila kumuuliza binti hata mmoja. Ngoja niwasaidie, mimi nimepitia hicho kipindi nikiwa bweni. Vitabu vilikuwa vinapita kitanda hadi kitanda, vimechanika jalada, unasoma kwa tochi.

Kwanza, vampaya hawezi kuingia ndani bila kukaribishwa. Sharti hilo lipo tangu kwenye Dracula. Msichana wa miaka kumi na saba anayepita stendi kila siku akishikwa mkono na makondakta, anasoma habari za kiumbe mwenye nguvu za kuvunja ukuta, kasimama mlangoni anasubiri aambiwe karibu. Mnadhani hilo ni dogo?

Pili, ana subira. Ana miaka mia mbili, hana haraka, anasikiliza. Tatu, anapigana na njaa yake mwenyewe. Anamtaka na anajizuia. Hakuna mwanamume mtaani kwetu aliyewahi kuonekana anajizuia.

Sasa mumiani anakuja na gari, anakukamata. Hana tofauti na tunaowakimbia kila siku. Tumpendee nini?

#26 Mwana wa Pumwani

Mama Wawili amefunga kesi. Mimi naenda nyumbani.

#27 Mchoma Mahindi

Haijafungwa. Dracula mwenyewe anamlaghai yule dada mgonjwa kitandani, sijui alikaribishwa na nani. Hiyo subira mnayoisema imekuja na hizi tamthilia za juzi juzi.

#28 Mama Wawili

@Mchoma Mahindi ndiyo maana hatumpendi Dracula, tunawapenda wajukuu zake.

#29 Kijana wa Kibanda Umiza

Wakuu mmesahau sisi wa kibanda umiza, vile vibanda vya video vya mtaani. Vampaya wetu wa kwanza hakuwa Mzungu wala hakuwa na mapenzi. Alikuwa Mchina anayeruka kichura, mikono mbele, kavaa joho la ofisa wa zamani na kofia. Ukimbandika karatasi ya njano usoni anaganda. Ukiziba pumzi hakuoni. Filamu hizo zilitoka Hong Kong miaka ya 1980, sisi tukazikuta kwenye kanda baadaye sana, na mtafsiri wetu alikuwa anampa kila maiti jina la mtu wa mtaani. Ukumbi mzima unaziba pumzi. Kuna jamaa mmoja, fundi viatu, alikuwa anaziba mpaka anaanguka kwenye benchi.

Yule hanywi damu hasa, anavuta uhai wako. Na hakuna aliyetaka kumuoa pia. Kwa hiyo mimi naona Mwalimu na Mama Wawili wote wanazungumzia vampaya mmoja wa Kizungu, kumbe dunia ina wengi. Waewe wa Ghana na Togo wana adze, anakuja kama kimulimuli na kupita tundu la ufunguo.

#30 Tundu la Ufunguo

Jina langu lisitajwe kwenye mambo hayo.

#31 Mpemba Halisi

Swali la kando. Hawa vampaya wa filamu wanaogopa msalaba. Akiingia Mtambwe, akakutana na watu wanatoka swala ya Isha, inakuwaje?

#32 Kijana wa Kibanda Umiza

Anapigwa Ayatul Kursiy anarudi boti ya asubuhi.

#33 Mkwezi

Mimi bado natofautiana nanyi wote. Kwetu mfu anayeogopwa si anayenyonya, ni msukule. Na tofauti yake na vampaya ni hii: mfu wa Ulaya anarudi kula, mfu wa kwetu anapelekwa kulima. Mtu amezikwa, kumbe yuko shambani kwa tajiri usiku, analishwa pumba. Mfu wa Ulaya ni bwana wa wengine, mfu wetu ni kibarua. Nani atamtamani kibarua? Watu wanampenda vampaya kwa sababu haumwi, hazeeki na hafanyi kazi. Kamuulize yeyote aliye kwenye foleni ya mwendokasi saa kumi na moja alfajiri kama hataki maisha hayo.

#34 Mwalimu wa Kata

@Mkwezi hii ni hoja kali kuliko ya kwangu, naikopa kwa ajili ya kidato cha nne.

#35 Mchoma Mahindi

Tukiwa kwenye damu, niulize. Mke wangu alipokwenda kujifungua kwa upasuaji, hospitali moja walitaka nilete ndugu wawili wachangie damu. Wakaja, wakachangia. Halafu kuna mtu pale ndani akataka nimlipe pembeni ndipo chupa itoke. Sasa mimi siamini mumiani, lakini siku ile niliwaelewa wanaoamini.

#36 NesiWaZamu

Pole sana ndugu yangu. Damu haiuzwi, na aliyekuomba hela ni mwizi, ungemripoti. Ila niwaambie kitu tunachokutana nacho kwenye kampeni za uchangiaji: watu wanakubali kusindikiza, wanakubali soda na biskuti, wakifika kwenye kiti wanauliza "inakwenda wapi?" Nimejifunza kutokasirika. Nawaonyesha chupa, nawaonyesha jina la hospitali zilizopokea mwezi uliopita. Wanaopewa jibu wanakaa. Wanaokemewa wanaondoka, na wanaondoka na wenzao watano.

#37 Mwana wa Pumwani

Nimerudi. Mimi nina wazo. Tutengeneze filamu ya wazimamoto wa Nairobi au Dar ya 1950. Staringi ni jamaa aliyeajiriwa, mkewe hajui anafanya nini. Kila usiku anatoka na sare ndani ya mfuko wa nguo. Mke anaona mshahara, anaona hapati usingizi, anadhani ana mwanamke. Anamfuata.

#38 Mama Wawili

Hiyo nitailipia kiingilio. Lakini mke asife. Na nataka tujue anafanya nini akishajua, maana ada za watoto zinatoka kwenye mshahara huo huo.

#39 Tundu la Ufunguo

Mkimfanya staringi mwenye mke na usingizi unaomkataa, mmeshaanza kumpenda. Nangojea mwone.

#40 Mwalimu wa Kata

Huyo tutakayempenda ni mwajiriwa. Mumiani mwenyewe bado hajaonekana kwenye hadithi yenu.

#41 Kijana wa Kibanda Umiza

Acheni falsafa, tupange bajeti. Damu ni rangi na sukari. Sare fundi atashona. Kikwazo ni gari la zimamoto, nani atatukodishia?

#42 Dereva wa Fuso

Wilayani kwetu lipo moja, limeegeshwa tangu lizinduliwe. Halina maji wala betri. Lakini honi inafanya kazi.